Posho ya stendibai imekatwa, lakini saa za usiku nani anazihesabu?

SWALI: Sisi ni mafundi sita wa karakana ya magari ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro. Kila usiku wawili wetu wanakuwa stendibai, gari likiharibika njiani wanaitwa. Kwa miaka minne tumelipwa posho ya shilingi 15,000 kwa usiku, uitwe usiitwe. Tarehe 1 mwezi huu ikabandikwa barua ubaoni: posho sasa ni 5,000, na atalipwa aliyeitwa tu. Juu ya hapo, ukipigiwa simu uwe umefika karakana ndani ya dakika 20. Mimi naishi Usa River. Ovataimu hatujawahi kuiona, bosi anasema imo ndani ya posho. Mshahara wangu wa msingi ni 780,000. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni na saa moja ya chakula, Jumamosi hadi saa 7 mchana. Wenzangu wanataka wote tuzime simu usiku. Sheria inasemaje?

JIBU: Fundi, una madai mawili na umeuliza moja. Umeuliza posho iliyokatwa. Hukuuliza saa ulizokuwa chini ya gari usiku bila kulipwa, na hilo ndilo dai zito, kwa fedha na kwa sheria. Posho ya kusubiri inatokana na makubaliano yenu na mwajiri. Saa za kazi zinalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na barua ya ubaoni haina ubavu wa kuzifuta.

Hesabu kwanza, halafu tugombane. Sheria inatoa njia ya kupata thamani ya saa moja: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, halafu kwa saa za kawaida za wiki. Ratiba yako ina saa 8 mara siku 5, na 5 za Jumamosi, jumla 45, ambacho ndicho kikomo cha juu cha wiki. Kwa hiyo 780,000 gawanya kwa 4.333, gawanya kwa 45, unapata shilingi 4,000. Hiyo ndiyo saa yako. Posho haziingii katika mshahara wa msingi, na hapo ndipo waajiri wengine wanapojificha: wanaongeza posho na kuacha msingi ukiwa mdogo, ili saa ya ovataimu ibaki rahisi.

Saa ya ovataimu ni moja na nusu, yaani 6,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na kama saa hiyo ya usiku ni ovataimu, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu: 6,000 na 300, jumla 6,300. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za serikali ni mara mbili, 8,000. Zote ni kabla ya PAYE na makato ya NSSF.

Sasa tuseme umeitwa saa 4:40 usiku, gari limekufa beringi ya gurudumu la nyuma karibu na Mto wa Mbu. Mnapakia vifaa, mnakwenda, mnafungua, mnafunga, mnarudi Njiro saa 11:40 alfajiri. Hizo ni saa 7, na safari ndani ya gari la kampuni imo, kwa kuwa uko kwenye maagizo ya mwajiri na huwezi kufanya la kwako. Mara 6,300 ni 44,100. Barua ya ubaoni inakupa 5,000 kwa usiku huo huo.

Tupanue hadi mwezi. Mafundi sita, wawili kila usiku, kila mmoja ana zamu kama 10. Tuseme ameitwa usiku mara tatu kwa saa 7 kila mara, na Jumapili moja mchana kwa saa 6. Usiku ni saa 21 kwa 6,300, sawa na 132,300. Jumapili ni saa 6 kwa 8,000, sawa na 48,000. Jumla 180,300. Posho ya zamani kwa zamu 10 ilikuwa 150,000. Posho mpya, kwa mara nne alizoitwa, ni 20,000. Ninyi mnalilia 130,000 iliyopungua huku 180,300 imekuwa ikipita kila mwezi bila mtu kuiandika popote. Weka saa zako halisi badala ya hizi za mfano, lakini umbo la hesabu halitabadilika.

Mfano huo unajibu pia hoja ya bosi kwamba ovataimu imo ndani ya posho. Hata tukimkubalia, 150,000 haifiki 180,300, na sheria haimruhusu mwajiri kulipa chini ya kiwango kwa kubadilisha jina la malipo. Kwa posho mpya ya 20,000, hoja hiyo imekufa kabisa. Kwa kukata posho amejiondolea utetezi aliokuwa nao.

Kuhusu kusubiri kwenyewe, usidanganywe na wanaosema sheria yetu inakupa malipo kwa kila saa uliyokaa na simu. Sheria ya Ajira haiitaji stendibai kwa jina. Unaposubiri nyumbani, unakula na watoto, unalala kitandani kwako, ni vigumu kumshawishi mwamuzi wa migogoro ya kazi kwamba ulikuwa kazini. Ndiyo maana posho ya kusubiri inabaki kuwa mambo ya mkataba.

Lakini dakika 20 zinabadilisha sura. Kutoka Usa River hadi Njiro usiku, kuwasha gari, kupita barabara ya Moshi na kuingia mjini, dakika 20 hazitoshi hata kwa dereva mwendawazimu. Kwa hiyo sharti hilo, kwako wewe, lina maana moja tu: ulale karakana au jirani nayo. Anayelala karakana kwa agizo la mwajiri hasubiri tena nyumbani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikabili jambo la namna hii mwaka 2018, kwa mzimamoto wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8. Ilisema kusubiri kwake nyumbani kulikuwa saa za kazi, kwa sababu sharti la muda lilimnyang'anya uhuru wa kufanya mambo yake. Hukumu hiyo haimfungi mwamuzi wa Arusha. Hata hivyo mantiki yake inaweza kutumika popote: kadiri kamba inavyofupishwa, ndivyo kusubiri kunavyogeuka kazi. Kwa hiyo hata mkikubaliana kuhusu posho, pigania dakika. Dakika 60 kwa mtu wa Usa River au Ngaramtoni ni jambo la kawaida, na mwenye dakika 20 awe mtu anayeishi Njiro, kwa posho kubwa zaidi.

Je, mwajiri anaweza kupunguza posho kwa barua? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka aandike kwenye maelezo ya ajira kiasi cha malipo, namna kinavyokokotolewa na marupurupu yake. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha maelezo hayo, na kumjulisha kwa maandishi. Barua ubaoni ni kujulisha. Kushauriana kuko wapi? Kama posho imetajwa kwenye mkataba wako, una hoja ya moja kwa moja. Kama haikutajwa, toa slipu za mshahara za miaka minne: mstari ule ule, kiasi kile kile, kila mwezi. Malipo ya namna hiyo ni vigumu kuyaita hisani. Na mwajiri akishindwa kuleta maelezo ya maandishi mbele ya mwamuzi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Wafanyakazi wengi hawajui kipengele hiki na wanabaki kujitetea pale ambapo mwajiri ndiye alipaswa kutoa jasho.

(Nakala mpya za sheria huweza kuwa na namba za vifungu zilizosogea. Namba zangu ni za sheria ilivyotungwa 2004. Ukiona hazilingani, tafuta kichwa cha kifungu.)

Sasa hilo la kuzima simu. Msifanye. Sheria inaita mgomo hata kusimamisha sehemu ya kazi kwa pamoja ili kumshinikiza mwajiri akubali dai, na mgomo una hatua zake: usuluhishi ushindikane, kura ipigwe, notisi ya saa 48 itolewe. Mafundi sita wakizima simu usiku mmoja huku wageni wamekwama porini, mwajiri atakuwa na kesi ya nidhamu iliyoiva, na dai lenu zuri litazikwa chini yake. Karakana ya utalii haimo katika huduma muhimu kama umeme, maji au afya, ambako mgomo una vizuizi zaidi, kwa hiyo mlango wa mgomo halali uko wazi kwenu, ila kwa dai la maslahi mapya tu, si kwa haki iliyo tayari kwenye sheria. Na mlango huo unaingiwa baada ya kujaribu milango mingine.

Mtu mmoja mmoja kukataa ni jambo jingine. Ovataimu inafanywa kwa makubaliano. Kama hakuna popote ulipokubali kuitwa usiku, una haki ya kukataa, kwa maandishi na mapema, si kwa kutopokea simu. Lakini miaka minne ya kupokea zamu na posho itasomwa kama makubaliano, hivyo njia salama ni kuendelea na kazi huku ukiandika kwamba hukubali. Barua isizidi nusu ukurasa. Maneno kama haya yanatosha: "Nimeona tangazo la tarehe 1 kuhusu posho ya zamu za usiku. Sikushirikishwa na sikubaliani na mabadiliko hayo. Nitaendelea kufanya zamu, na kupokea kwangu kiasi kipya kusichukuliwe kuwa nimekubali. Naomba pia malipo ya saa za ziada nilizofanya kazi baada ya kuitwa, kwa mchanganuo ulioambatishwa." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe, ibaki kwako. Wasipotaka kusaini, itume pia kwa barua pepe ya ofisi au WhatsApp ya meneja, upige picha ya skrini inayoonyesha imefika.

Mchanganuo ndio moyo wa shauri. Kila wito uwe na mstari wake: tarehe, saa simu ilipoingia, nani alipiga, gari gani, mahali, saa ya kutoka karakana, saa ya kurudi, kilichotengenezwa. Usitegemee kumbukumbu, tegemea vitu vyenye saa: orodha ya simu zilizopigwa, ujumbe wa grupu la operesheni, risiti ya EFD ya mafuta ya Makuyuni au Karatu, risiti ya kipuri, kumbukumbu ya kuingia geti la Lodoare kama mlipita Ngorongoro, jobu kadi. Magari mengi ya utalii yana kifaa cha kufuatilia mwendo. Kumbukumbu hizo ziko kwa mwajiri. Ziombe kwa maandishi, na akikataa, kukataa kwake nako ni ushahidi. Orodha ya simu inafutika yenyewe kwenye simu nyingi baada ya muda, kwa hiyo piga picha za skrini leo, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Kuna jambo la mapumziko ambalo huwa linasahaulika wakati watu wanabishana fedha. Siku ile ya mfano ulifanya saa 8 za kawaida na 7 za usiku, jumla 15. Kikomo cha siku ni 12. Unastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, na hukuyapata kabla ya kuitwa wala hutayapata ukirudi kazini saa 2 asubuhi. Mwajiri atasema ilikuwa dharura, na sheria kweli inalegeza vikomo vya saa kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa muda wa kawaida. Wageni waliokwama barabarani usiku ni dharura, nakubali. Kubadilisha oili na kukaza springi za gari linaloondoka kesho mchana siyo. Na hata dharura halisi inalegeza kikomo tu; kiwango cha moja na nusu hakiguswi. Kuna pia kikomo cha saa 50 za ovataimu ndani ya wiki nne, kwa hiyo zijumlishe. Fundi aliyekesha anayerudi chini ya Land Cruiser saa mbili baadaye ndiye anayesahau nati za gurudumu, na nati hizo ziko kwenye gari lenye watu saba. Hoja hii mweleze mwenye kampuni mwenyewe, maana mhasibu hataisikia.

Angalia kama mmoja wenu ni mkuu wa karakana. Anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hafunikwi na sehemu ya saa za kazi, kwa hiyo hesabu yake msiichanganye na yenu.

Kabla ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, nendeni kwa mwajiri na pendekezo. Mwajiri hakukata posho kwa chuki, angalia kalenda. Masika ya Aprili na Mei magari yanapaki uani, na bado alikuwa analipa watu wawili kila usiku, 15,000 mara 2 mara 30, yaani 900,000 kwa mwezi, hata usiku ambao hakuna gari hata moja lililo porini. Hapo ana hoja. Mpeni njia: miezi ya wageni wachache stendibai awe mmoja badala ya wawili, kwa 12,000 uitwe usiitwe. Inakuwa 360,000, anaokoa 540,000, na thamani ya usiku wako haishuki hadi kuwa ya soda na chipsi. Msimu wa Juni hadi Oktoba mrudi wawili kwa 15,000. Saa za wito zilipwe kwa sheria juu ya posho, kuanzia simu inapoingia, na kima cha chini cha saa 2 kwa kila wito hata kama tatizo lilikuwa tamino ya betri iliyolegea. Siku inayofuata wito wa usiku mzima iwe mapumziko yenye malipo. Kima cha chini na siku hiyo ya kulipwa haviko kwenye sheria, kwa hiyo visipoandikwa havipo.

Kujiunga na chama cha wafanyakazi kunasaidia zaidi hapa kuliko kwenye ovataimu. Chama chenye wanachama wengi kati ya wafanyakazi wa kampuni kinaweza kutambuliwa na kufunga mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, na mkataba huo haubandikiki wala kubanduliwa ubaoni. Waongezeni wenzenu wa ofisini na madereva pia, maana mafundi sita peke yao hawafikii wingi. TUICO inachukua viwanda, biashara na huduma. CHODAWU ina watu wa hifadhi na hoteli.

Mkishindwana, Tume ina ofisi Arusha, na wa Kilimanjaro wanayo Moshi. Muda ndio unaoua mashauri mengi: madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanafunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Hesabu kutoka tarehe 1 ya tangazo, wala usihesabu kutoka siku mazungumzo yatakapovunjika, kwa sababu mazungumzo hayasimamishi saa. Miezi ya nyuma zaidi inahitaji kwanza maombi ya kuongezewa muda kwa fomu namba 2, na "hatukujua" ni sababu dhaifu sana. Ndiyo maana dai la ovataimu la miaka minne linaweza kusinyaa likawa la miezi miwili. Na ukiacha kazi kwa hasira ukitaka kudai kwamba umelazimishwa kuondoka, siku ni 30 tu na kazi ya kuthibitisha ni yako. Usiifuate njia hiyo kwa ajili ya posho.

Shauri linafunguliwa kwa fomu namba 1. Nakala inapelekwa kwa mwajiri kwanza, unapata uthibitisho wa kupokelewa, halafu unawasilisha Tume. Mkiwa wengi, mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake kwa idhini ya maandishi yenye majina na saini zao. Kosa la kawaida ni kuandika "kupunguziwa posho" halafu mbele ya mwamuzi kuanza kuzungumzia ovataimu. Mtabanwa na mlichoandika. Andikeni yote: saa za ziada, nyongeza ya usiku, malipo ya Jumapili na sikukuu, mabadiliko ya masharti bila kushauriana, kila moja na kiasi chake. Msichanganye na kuomba posho ipande hadi 20,000. Hilo ni dai la maslahi mapya ambalo mwamuzi hawezi kuwapa kwa kusoma sheria, na linaishia kwenye makubaliano au mgomo halali.

Kama unayesoma hapa ni muuguzi wa hospitali ya serikali au mtumishi mwingine wa umma, njia si hii. Wewe unaanza na ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma na unazimaliza kabla ya kwenda Tume.

Usuluhishi una siku 30. Hudhurieni kila mara mnapoitwa, kwa kuwa mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Mwajiri mara nyingi hukubali siku ya kwanza au ya pili akiona mchanganuo wenye risiti, na atatoa kiasi cha mkupuo. Msisaini kwa furaha ya mkupuo. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanawafunga pande zote, kwa hiyo yawe na kiwango cha posho, dakika za kufika kwa kila fundi kulingana na anapoishi, tarehe ya malipo ya kwanza, na jina la cheo cha anayejaza na kusaini daftari la wito kila asubuhi.